Duka la Baiskeli na Historia ya Kiswahili Nchini Uganda

Historia ya Kiswahili nchini Uganda imezoea kusimuliwa kutoka mahali pamoja, yaani kambini. Tunaambiwa kwamba lugha hii ilienezwa na askari wa King's African Rifles, ikachukuliwa na polisi na magereza, ikatiwa nguvu kwa amri ya Idi Amin ya mwaka 1973 iliyoifanya lugha ya taifa, kisha ikachukiwa na wananchi kwa sababu ya maneno waliyoyasikia katika vizuizi vya barabarani. Masimulizi haya yana ukweli, na sisi tunaoifundisha lugha hii hatuna haki ya kuyakwepa. Hata leo tunapokea wanafunzi ambao wazee wao wanauliza kwa nini mtoto apelekwe chuo kikuu akasome lugha ya wanajeshi na ya wezi.

Hata hivyo, ukweli huo ni nusu tu. Makala haya yanakusudia kuieleza nusu nyingine. Kiswahili kilifika Uganda kabla ya bunduki za serikali ya kikoloni, kikaingia kwa njia ya biashara na ufundi, na alama zake zimo vinywani mwa watu ambao hata hawajui kwamba wanazitumia. Ushahidi wetu hatukuutafuta maktaba peke yake. Sehemu kubwa tuliipata katika duka la baiskeli.

Ziara yenyewe

Katika somo la msamiati wa fani maalumu, tuliwapeleka wanafunzi wa mwaka wa pili kwenye duka moja la baiskeli lililo karibu na soko. Mbele ya duka hutundikwa tairi mpya, minyororo, breki na viti. Barazani, chini ya mabati, huketi fundi na sanduku lake la spana. Kazi waliyopewa wanafunzi ilikuwa kuandika jina la kila kifaa kama fundi atakavyolitamka mwenyewe anapozungumza na wateja wake, kwa lugha yoyote aitakayo, bila kumwomba tafsiri. Baadaye darasani wangeyapanga majina hayo na kueleza kila moja limetoka wapi.

Wanafunzi walimwamkia, "Shikamoo mzee." Fundi alicheka akajibu, "Mzuri, wanangu," kwa kuwa maamkizi hayo ya shikamoo na marahaba hayajazoeleka sana huku kwetu. Alizungumza nao Kiganda kwanza, kisha alipoelewa wametoka idara gani akageukia Kiswahili. Alisema, "Mimi nilijifunza hii kazi Busia. Pale kama hujui Kiswahili, hupati spea." Ngeli zake hazikufuata utaratibu wa vitabu. Alisema "gurudumu yake" na "mpira ile". Tuliwaagiza wanafunzi wasimsahihishe, maana siku hiyo mwalimu alikuwa yeye.

Na kweli aliwafundisha. Aliwaonyesha namna ya kuziba pancha, nao wakaandika vitenzi kwa mpangilio wake: kuutoa mpira wa ndani, kuujaza upepo, kuutumbukiza katika beseni la maji, kutazama mapovu yanatokea wapi, kuukausha, kuupiga msasa, kuupaka gundi, kusubiri kidogo, kisha kubandika kiraka na kukikandamiza. Kiraka alikikata kutoka kwenye mpira uliokwisha kuharibika. Aidha, aliwaambia wahesabu spoki za baiskeli moja ya mtindo wa zamani. Za mbele zilikuwa 32 na za nyuma 40. Alipowauliza sababu, mwanafunzi mmoja alikisia sawasawa: mzigo hukaa nyuma, basi gurudumu la nyuma ndilo linalohitaji nguvu zaidi.

Sisi pia tulikuwa na kidogo cha kumpa. Vile vyuma vidogo vya mviringo vinavyokaa ndani ya ekseli alikuwa akivitaja kwa maelezo marefu. Tulipomwambia kwamba Watanzania huviita gololi, alilirudia neno hilo mara mbili, akasema atalitumia.

Maneno yaliyokusanywa

Darasani maneno yalipangwa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la maneno kama breki, pampu, fremu na pedali. Haya yametoka Kiingereza, na yanapatikana katika Kiganda na Kiswahili pia, kila lugha ikiyatamka kwa kawaida yake. Kwa swali letu hayathibitishi lolote, kwa kuwa kila lugha yaweza kuwa imeyakopa yenyewe moja kwa moja kutoka kwa Waingereza. Mwanafunzi wa historia ya lugha hana budi kuyaweka kando, hata kama yanapendeza kwa wingi wake.

Fungu la pili ni la maneno ya asili ya Kiganda, hasa vitenzi vya kufunga, kufungua, kupinda na kunyoosha. Haya pia hayana ubishi.

Fungu la tatu ndilo lililotushughulisha. Baiskeli kwa Kiganda ni "eggaali". Duka ni "edduuka". Bei ni "ebbeeyi". Msumari, adui mkubwa wa kila mpanda baiskeli, ni "omusumaali". Rangi ni "langi". Tairi au mpira ni "omupiira". Hakuna neno hata moja hapa linaloweza kuwa limetoka Kiingereza. Duka na msumari yana asili ya Kiarabu, na gari limetoka katika lugha za Bara Hindi, lakini Waganda hawakwenda Arabuni wala Gujarati kuyachukua. Yaliwafikia kupitia Kiswahili, na yalipofika yalivishwa viambishi na matamshi ya Kiganda hata yakaonekana kama wenyeji.

Neno "eggaali" linastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Katika Kiswahili cha pwani, gari ni chombo chochote chenye magurudumu, na siku hizi maana iliyo karibu zaidi ni motokaa. Katika Kiganda, ukisema "eggaali" bila nyongeza watu huelewa baiskeli, na ukitaka garimoshi ni lazima useme "eggaali y'omukka", yaani gari la moshi. Huko Rwanda nako baiskeli ni "igare". Lakini ukifika Burundi utasikia "ikinga", na katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo utasikia "kinga". Kwa maoni yetu, maana ya gari ilijifinya katika Kiganda na Kinyarwanda kwa sababu iliyo wazi. Kwa mwananchi wa kawaida, chombo cha magurudumu alichoweza kukimiliki mwenyewe kilikuwa baiskeli. Motokaa ilikuwa ya mkubwa, garimoshi lilikuwa la serikali, lakini baiskeli ilikuwa gari lake.

Njia ya maneno haya

Tuitazame sasa tarehe. Wafanyabiashara wa pwani walifika katika ikulu ya Kabaka Suuna II katika miaka ya 1840, wakileta nguo, shanga na bunduki, wakitafuta pembe za ndovu. Kabaka Muteesa I, aliyemfuata, alijifunza Kiswahili na Kiarabu. Mwaka 1875, Henry Morton Stanley alipofika Buganda, kijana Dallington Maftaa, aliyekuwa amesomeshwa na wamishonari huko Unguja, alibaki ikuluni na kumsomea Kabaka maandiko kwa Kiswahili. Alexander Mackay, mmishonari aliyekuwa fundi wa mitambo kwa taaluma, alifika mwaka 1878, naye alianza kufundisha kwa Kiswahili. Haya yote yalitokea kabla ya Uganda kutangazwa kuwa nchi lindwa ya Waingereza mwaka 1894. Basi duka, bei na msumari hayakusubiri askari.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, na bidhaa zikaanza kuvuka ziwa kwa bei nafuu kuliko zile zilizobebwa vichwani na wapagazi. Kwa njia hiyohiyo maduka yalisambaa. Allidina Visram, mfanyabiashara mashuhuri ambaye shughuli zake zilikulia Bagamoyo, alikuwa na duka Kampala kabla ya karne ya 19 kwisha. Lugha kati ya Mhindi mwenye duka na Mwafrika mnunuzi mara nyingi ilikuwa Kiswahili, hata kama kila mmoja alikizungumza kwa kuchechemea.

Baiskeli nayo ilikuwa ngeni duniani kote wakati huo. Umbo tunalolijua, lenye magurudumu mawili yaliyo sawa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, lilitolewa na John Kemp Starley huko Coventry, Uingereza, mwaka 1885. Tairi ya kujazwa upepo ilibuniwa na John Boyd Dunlop huko Belfast mwaka 1888. Miaka isiyozidi ishirini baadaye chombo hicho kilikuwa kikipita katika vijia vya Uganda. Winston Churchill, aliyepita hapa mwaka 1907, aliisifu baiskeli kuwa usafiri bora wa nchi hii, akaeleza kwamba maofisa wengi walikuwa nazo na kwamba machifu walikwisha kuanza kuzipata.

Kutoka kwa machifu ilishuka hadi kwa wakulima, na kilichoishusha ni pamba. Kilimo cha pamba ya kuuza kilianzishwa katika miaka ya 1903 na 1904, na baada ya hapo mkulima wa Buganda, Busoga au Teso aliweza kupata fedha zilizobaki baada ya kulipa kodi. Vitu alivyovitamani vilikuwa bati la nyumba, nguo na baiskeli. Baiskeli ilimpelekea pamba kwenye mashine ya kuchambulia, ilimpeleka mgonjwa zahanati, na ilimtangaza mwenyewe kuwa mtu aliyejiweza.

Neno lililobeba damu

Tungekuwa wadanganyifu kama tungeishia hapo na kuonyesha kwamba njia ya biashara ilikuwa safi na njia ya kambi ilikuwa chafu. Neno mpira katika orodha yetu linatukumbusha vingine. Tairi ya mwaka 1888 ilisababisha haja kubwa ya mpira kabla ya mashamba ya Asia kukomaa, na mpira mwingi ulikuwa katika mimea ya mwituni ya majirani zetu wa Kongo, nchi ambayo tangu 1885 ilihesabiwa kuwa mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Wanavijiji walilazimishwa kuleta kiasi kilichowekwa. Walioshindwa walipigwa, wake zao walishikwa mateka, vijiji vilichomwa, na mikono ya watu ilikatwa. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, aliyaeleza haya katika ripoti iliyochapishwa mwaka 1904, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi nchi hiyo kwa serikali ya Ubelgiji.

Kwa hiyo baiskeli iliyomfurahisha kijana wa Coventry au chifu wa Mengo yaweza kuwa ilitembea juu ya mpira wa Mkongomani asiyelipwa. Tumewaambia wanafunzi wetu waliandike neno hili pamoja na historia yake. Kukumbuka njia ambayo neno limepita si kulikataa neno. Hali kadhalika, kukumbuka vizuizi vya barabarani si sababu ya kuikataa lugha nzima.

Wakubwa walipobishana

Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu katika sehemu kubwa ya Uganda. Maaskofu wa misheni walipinga, na Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi mwaka 1929, akihofia kwamba lugha ya watu wake na hadhi ya Buganda vingedhoofishwa. Hofu yake haikuwa ya kipuuzi. Mwaka uliofuata, 1930, kamati ya kusanifisha Kiswahili kwa nchi za Afrika Mashariki iliundwa, Uganda ikiwa mwanachama, lakini shuleni kwetu lugha hiyo haikupata nafasi aliyoikusudia gavana.

Wakati wakubwa wakibishana kama Kiswahili kiingie au kisiingie, mkulima wa pamba alikuwa akiegesha "eggaali" yake mbele ya "edduuka" na kuuliza "ebbeeyi" ya "omupiira". Hakujihesabu kuwa msemaji wa Kiswahili, na kwa kweli hakuwa. Lakini mlango ambao wakubwa waliugombea ulikuwa umekwisha kuwa wazi zamani, na mwenye duka na mteja wake walikuwa wakipita kila siku bila kuomba ruhusa.

Magendo na bodaboda

Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda. Maduka yaligawiwa watu wengine, na mengi kati yake hayakuchukua muda kuwa matupu. Bidhaa za kawaida, kama vile sabuni, chumvi, tairi na betri, zilikuwa shida. Uchumi wa kuvusha bidhaa mpakani kwa siri ulipata jina, na jina hilo lilikuwa la Kiswahili: magendo. Fundi wetu alijifunza kazi katika mazingira hayo, ambamo kifaa kipya kilikuwa ndoto na kila kilichoharibika kilitengenezwa tena. Alituonyesha desturi iliyobaki tangu wakati huo. Mpira wa ndani uliochoka hukatwa kuwa kamba za kufungia mizigo, na tairi iliyokwisha huwa viatu vinavyoitwa "lugabire".

Mpakani ndiko lilikozaliwa neno ambalo Uganda imeipa Afrika Mashariki yote. Pale Busia na Malaba, vituo vya Kenya na Uganda vilitenganishwa na mwendo ambao abiria mwenye mizigo hakuupenda. Vijana wenye baiskeli waliweka kiti laini juu ya keria na kumwita mteja kwa neno la Kiingereza la mpaka, wakilitamka mara mbili: boda, boda! Neno hilo lilikaa vizuri katika Kiswahili, lugha iliyokuwa imezoea pikipiki na daladala. Pikipiki zilipochukua kazi hiyo tangu miaka ya 1990, zililirithi jina, na leo Mtanzania aliye mbali kabisa na Busia husema bodaboda bila kufikiria mpaka wowote. Kwa hiyo hatukukopa tu. Sisi pia tumekikopesha Kiswahili.

Tunachopendekeza

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu watahitajika, vitabu vitahitajika, na wazazi watahitaji kuelezwa. Hapo ndipo tunapoona umuhimu wa ziara yetu. Mtoto akianza kwa kuambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ngeni iliyoamriwa kutoka juu, ataipokea kama amri nyingine. Akianza kwa kuonyeshwa kwamba "eggaali", "edduuka" na "omusumaali" ni maneno aliyonayo tayari, mwalimu atakuwa na msingi wa kujengea.

Aidha, tukumbuke kwamba fundi na mwanafunzi ni maneno ya ukoo mmoja na funza, mafunzo na mafundisho. Fundi, kwa asili ya neno, ni mtu mwenye elimu. Yule tuliyemtembelea alituambia kwamba watoto wake hawataki kazi yake, na kwamba katika mji mkuu wateja wengi wamehamia kwenye pikipiki, ingawa katika miji midogo na vijijini baiskeli bado inabeba ndizi, mkaa na jerikani za maji. Mafundi wa umri wake wakiondoka bila kuandikwa, tutapoteza majina ya vifaa, vitenzi vya kazi, na kumbukumbu za jinsi lugha zetu zilivyokutana.

Tunapendekeza basi kwamba kila mwanafunzi wa mwaka wa pili achague fundi mmoja katika wilaya ya kwao, awe wa baiskeli, wa cherehani, wa mbao au wa mitumbwi, aandike maneno yake kama anavyoyatamka, na ayapange kwa asili yake kama tulivyofanya hapa. Yanayothibitisha na yasiyothibitisha yatenganishwe kwa uaminifu. Maneno hayo yatahifadhiwa idarani na yatatumika kuandaa masomo ya shule za msingi. Wanafunzi watakaokwenda likizo mwishoni mwa muhula huu wanaombwa kuchukua daftari za kazi hiyo ofisini kabla ya kuondoka.